Nimerudi bila Feli

Ijumaa. Baridi ya mwezi wa sita imeshaingia Sumbawanga na haina dalili ya kuondoka. Tangu asubuhi upepo unapiga mabati. Nimejifunga vitenge viwili juu ya sweta, nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, simu mkononi, naandika. Shule zimefungwa, wanafunzi wangu wa darasa la pili wako makwao. Sina kisingizio cha kutoandika.

Jana nilirudi kutoka Dar es Salaam. Nilikwenda kumchukua binti yangu.

Nimerudi peke yangu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Felista, Feli wetu, ni mtoto wetu wa pekee. Yuko chuo kikuu mwaka wa pili, anasoma takwimu. Ana kifafa. Ninaandika neno hilo wazi kwa sababu nimemwomba ruhusa mwenyewe, akacheka akasema, “Andika tu mama, si siri ya serikali.” Kilimwanza akiwa darasa la tatu. Hapa nyumbani, mtaa wa Chanji, tumeishi na ugonjwa huo kama watu wanavyoishi na mbwa mkali, unajua kamba yake inaishia wapi na huvuki. Feli hateki maji peke yake. Hakai karibu na moto. Bafuni hafungi komeo. Barua ya kuchaguliwa chuo ilipokuja majirani walipiga vigelegele, nami nikapiga, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani bila kujua nimefurahi au naogopa.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Mwezi uliopita akaanguka darasani, mbele ya wanafunzi wenzake wote. Siku chache baadaye akaanguka tena, safari hii kwenye ngazi, akachanika juu ya jicho. Aliyenipigia simu ni msichana anayekaa naye chumba kimoja, anaitwa Zuhura, mtoto wa Kigoma. “Shikamoo mama. Usishtuke. Ameshonwa, anakunywa uji.”

Nilishtuka.

Mume wangu ni seremala, si mtu wa maneno. Alizima mashine, akapangusa vumbi la mbao mikononi, akasema, “Kamlete. Vyuo viko vingi. Hata hapa mjini atasoma kitu.” Sikubishana naye. Moyo wangu ulikuwa umeshasema hivyo kabla yake.

Kwa hiyo nilifunga safari na unga wa ulezi, maharage, na uamuzi. Feli nilimwambia naenda kumsalimia tu.

Niseme ukweli, nilikwenda nikiutafuta ubaya wa mji ule, na ubaya wenyewe haukujificha. Joto lile si la mtu kusomea. Maji yanakatika, wasichana wanapanda ghorofa na ndoo kichwani. Chumba ni cha wanne lakini wanalala sita, kwa sababu wasiopata nafasi wanabebwa na wenzao kitanda kimoja. Chakula ni chipsi, na siku ambayo si chipsi ni chipsi mayai. Ng'ambo ya barabara kuna baa ambayo muziki wake haujui kuchoka. Na hiyo barabara! Kila Feli alipotaka kuvuka nilimshika mkono kama wa chekechea, na yeye, Mungu ambariki, aliniachia nimshike mbele ya wenzake.

Nilihesabu yote hayo moyoni kama hakimu. Kila nililoliona nilisema: hili nalo, hili nalo.

Jumamosi mchana tulikuwa chumbani. Zuhura alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anamsuka Feli, Feli yuko chini kwenye mkeka, mgongo kwenye magoti yake. Mimi nachambua maharage. Msichana mwingine wa chumba hicho, Anitha, anapasi nguo. Wanasimuliana kuhusu mhadhiri mmoja anayesahau miwani yake usoni, wanacheka, na mimi nacheka nao ingawa simjui.

Nikaona midomo ya Feli inacheza. Naijua dalili hiyo kuliko ninavyoijua sala ya jioni. Nikainuka, maharage yote yakamwagika.

Sikufika.

Zuhura alikuwa ameshamshusha taratibu, amemlaza ubavu, ameviringisha khanga na kuiweka chini ya kichwa. Anitha alikuwa amechomoa pasi, amesogeza kiti na ndoo, amefungua dirisha, anatazama saa. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekimbia. Msichana wa chumba cha jirani alichungulia mlangoni, akaambiwa, “Feli amelala kidogo, njoo baadaye,” akaitikia “poa” na kuondoka.

Nikabaki nimesimama katikati ya maharage, mikono mitupu. Na nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu: nilimwonea wivu Zuhura. Mtoto wangu yuko katika saa yake mbaya, na mikono iliyomshika si yangu, na haikutetemeka kama yangu.

Ilipopita, Zuhura aliendelea kuongea kwa sauti ileile ya mwanzo, kama vile walikatizwa na mtu aliyekuja kuomba chumvi. Feli alifumbua macho. Hapa kwetu akizinduka hulia. Hujifunika uso kwa aibu, na hata uji hataki mpaka kesho yake. Siku ile alitazama juu kwa muda, akapapasa kichwa.

“Umemaliza?” akamuuliza Zuhura.

“Bado upande mmoja. Lala kwanza, nitamalizia.”

Akalala, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Mimi nikapiga magoti nikaokota maharage.

Jumapili baada ya misa tulikaa wawili kwenye benchi la saruji, chuo kimetulia. Nikamwambia kilichonileta.

“Nilijua,” akasema. “Mtu hatoki Sumbawanga mpaka huku kusalimia tu.”

Kisha akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mara zote mbili alizoanguka alikuwa ameruka dawa. Zinamlaza. Mitihani ilikuwa inakaribia, wenzake wanakesha wakisoma, naye akaona akimeza atasinzia juu ya daftari.

Nilikasirika mpaka Kiswahili kikanikimbia. Nilimsema kwa Kifipa cha kwetu, pale pale, watu wanapita.

“Unaona sasa?” nikasema. “Ndiyo maana twende nyumbani. Nyumbani utakuwa salama.”

“Nitakuwa salama nikifanya nini, mama?”

Hakuwa mkali. Hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza, kama anavyouliza mwanafunzi wangu wa darasa la pili anayetaka kweli kujua jibu. Nikatafuta. Atanisaidia kupika, ila hakai karibu na moto. Atakwenda shambani Kizwite, ila si peke yake. Atafungua duka dogo, na mtu awe naye dukani. Kila nililotaka kulisema lilikuwa na “ila” nyuma yake. Mwishoni nikamwambia tutazungumza kesho, na tukaenda kununua machungwa.

Jumatatu nilikwenda naye kliniki. Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya uchovu, lakini alitusikiliza. Alimpangia dawa upya ili dozi kubwa ainywe akikaribia kulala, zisimlaze mchana. Akamwambia kukesha ni marufuku, mitihani au si mitihani. Feli akauliza kuhusu kuvuka barabara, kuhusu ngazi, kuhusu kuja kupata watoto siku moja. Mimi sikuwahi kujua kwamba swali hilo la mwisho analo. Nilikaa kwenye kiti cha msindikizaji nikamtazama mtu mzima akijiulizia maisha yake.

Tulipotoka, nilimwambia kitu ambacho nilikuwa sijajiambia mwenyewe. Dawa usiruke tena hata siku moja. Usingizi usiukopeshe. Ukilivunja hili nitakuja tena, na safari hiyo sitasikiliza swali lolote.

Alisimama katikati ya njia. “Kwa hiyo nabaki?”

Nikasema, “Utavukaje hiyo barabara ukisimama hivyo?”

Tukavuka. Safari hii yeye ndiye alinishika mkono.

Viti nilikuwa nimeagiza viwili. Nilisafiri na kiti kitupu pembeni yangu mpaka Morogoro, ambako mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza, “Hapa pana mtu?” Nikamwambia hapana, hapana mtu. Nilipolisema hilo nikaanza kulia, yule mama akadhani nina msiba, akanipa pole, na sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Jana mume wangu alinipokea stendi. Nilishuka, akachukua mkoba wangu, lakini macho yake yalibaki mlangoni mwa basi. Abiria wakashuka mmoja mmoja. Kondakta akafunga mlango.

“Yuko wapi?”

“Amebaki.”

Aliubeba mkoba mpaka nyumbani. Nilimweleza yote, kuanzia dawa, kliniki, mpaka wasichana wale. Aliitikia kwa kichwa, akaenda karakana. Leo asubuhi nikasikia randa inafanya kazi kabla jua halijatoka. Chai niliyompelekea ilipoa.

Lazima niseme jambo kuhusu mume wangu, nisije nikamchora vibaya. Hakuna anayempenda Feli kama yeye. Lakini miaka yote hii, Feli akianguka, baba yake hutoka nje. Husimama uani na kugeukia ukuta mpaka nimwite. Si ukatili. Hawezi tu. Kaka yake alikuwa na ugonjwa huohuo, akaangukia moto wakati wao wakiwa wadogo, naye alikuwepo. Alinieleza mara moja tu, tukiwa wachumba, na sijawahi kumuuliza tena.

Leo mchana alirudi kula. Alinawa, akakaa, ugali ukabaki mbele yake.

“Huyo Zuhura,” akasema. “Ana simu?”

Nikajua anataka kumwambia amfungie Feli mizigo. Hata hivyo nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

“Shikamoo baba,” Zuhura akasema.

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo baba. Feli yuko maktaba.”

Mume wangu akakohoa. Akatazama mikono yake. “Mwanangu, atakuja likizo. Mama yake anaweza kuwa sokoni, au shambani. Mimi nitakuwa naye.” Akaisogelea simu. “Nifundishe. Polepole. Mimi sijui.”

Zuhura hakushangaa, au alificha. Akasema, “Mama yupo karibu? Mwambie alale chini.”

Basi mimi, mwalimu mzima, nikalala kwenye mkeka wa jikoni saa ya chakula, na mume wangu akapiga magoti. Sauti ya Zuhura ikatuelekeza. Ondoa vitu vigumu karibu yake. Akasogeza jiko, akasogeza kigoda, akasogeza hata sahani ya mboga. Mlaze ubavu, baba, usimvute mkono. Akanigeuza kama anavyogeuza ubao anaoogopa kuupasua. Weka kitu laini chini ya kichwa. Akavua kofia yake ya sufu. Mdomoni usimwekee chochote. Usimbane, acha ipite yenyewe. Angalia saa, ikizidi dakika tano, tafuta gari.

“Halafu?” akauliza.

“Halafu ongea naye, baba. Lakini usimwite jina. Aliniambia anapoanza kurudi, akisikia jina lake linaitwa mara nyingi anajua watu wameogopa, naye anaogopa. Anapenda kusikia mambo ya kawaida.”

Nilikuwa nimelala pale nimefumba macho. Jina lake nimeliita kwa miaka mingapi, tena kwa sauti ya mwisho! Sikujua. Hakuwahi kuniambia, labda hakutaka kuninyang'anya kitu pekee nilichokuwa na uwezo wa kufanya.

“Mambo ya kawaida kama yapi?” mume wangu akauliza.

“Yoyote tu baba. Jaribu.”

Nikasikia anapumua. Kisha mkono wake mkubwa, wenye kucha za gundi, ukatua begani mwangu.

“Mahindi yamekauka,” akasema. “Tukipata mkokoteni wiki ijayo tutaanza kuyabeba. Mwaka huu panya si wengi.”

“Vizuri baba,” simu ikasema. “Endelea.”

Akaendelea. Akasema mbuzi wa jirani amezaa mapacha, mmoja mweupe. Akasema mlango wa kanisa unaosugua sakafu ameahidi kuuranda. Akasema upepo wa leo utaangusha mbao zote alizozisimamisha nje. Mtu huyu ambaye kwa siku hutoa sentensi za kuhesabika alizungumza bila kusimama, na sauti yake, ambayo mwanzoni ilikuwa inatetemeka, ikatulia. Sikufumbua macho. Nilitaka aendelee mpaka azoee.

Sijui kama nimeamua sawa. Huenda simu nyingine italia na nitajilaumu mpaka kaburini. Mji ule bado una barabara ileile na ngazi zilezile, na mtoto wangu yuko huko, anavuka.

Lakini ugali ulipoa leo na hakuna aliyejali. Tuliupasha moto tukala.