Wale wa Juu Kwanza

Bibi Signe,

Sasa hivi Neema ameyainamia makoti. Tuko kwenye chumba cha kuvulia viatu hapa dagis, chekechea yake ya Hjulsta. Ukuta mzima umejaa makoti ya watoto, na chini mabuti yanadondosha theluji sakafuni. Kasimama mbele yake, kashika gauni kwa vidole viwili, kainama mara tatu. Kwanza kanyanyua uso mpaka darini, halafu katikati, halafu wale wa mbele. Akanigeukia na Kiswidi chake, "Mamma, hawapigi makofi." Nikacheka, kicheko kikageuka machozi, nikamwambia nenda kacheze na wenzio. Ndio nimeokota hizi karatasi za kuchorea na penseli ya kijani, nimekaa kwenye benchi la watoto magoti yananigusa kidevu.

Shikamoo Bibi. Najua ungeitikia "Marahaba" kwa sauti ile ya malkia, kidevu juu, kama nilivyokufundisha siku ya kwanza niliyokuja kwako Fridhemsplan kukusaidia kuoga na kupika. Wenzangu kazini walisema mwite Signe tu, hapa kila mtu huitwa kwa jina lake. Mimi nikashindwa. Mtu wa karibu miaka tisini nimwite jina kavu, mama yangu angesikia huko Korogwe angenishangaa. Basi ukawa Bibi, na ukamtangazia hata muuguzi aliyekuja kukuchoma sindano: "Mimi ni Bibi. Niite Bibi."

Naandika kwa sababu ulinifundisha hivyo. Ulisema kule New York, ulipokuwa msichana wa majukwaa ya Broadway, kila kabla ya pazia kufunguliwa ulikuwa unamwandikia mama yako aliyekuwa Sweden. Penseli ya nyusi, nyuma ya karatasi yoyote. Nyingine hukuzituma kabisa. "Unamwandikia mtu mmoja, halafu unatoka kwenda kumwimbia huyo huyo. Hao elfu wengine wanasikiliza tu kwa bahati yao."

Basi Bibi, leo naimba. Ule wimbo. Ule niliokunyima.

Niseme tu. Ulinishika mkono hospitalini ukasema, siku yangu ya kuzikwa uniimbie wimbo wa jogoo, nami nikasema ndiyo Bibi, nitaimba. Tukakaa kanisani watu tisa. Mpwa wako, jirani wa ghorofa ya chini, sisi wa kazini, Neema na mimi. Mchungaji akaniangalia, akaniitikia kwa kichwa taratibu kama kusema haya, sasa. Miguu ikakataa. Naapa Bibi, niliiambia simama, ikakataa. Nikaona wale watu na makoti yao meusi, nikafikiria Kiswahili changu humo ndani, wimbo wa mwanamke anayepepeta mahindi, nikaona aibu. Mchungaji akangoja, akangoja tena, kisha akampa ishara mpiga kinanda. Tulipotoka nje Neema akauliza kwa sauti mbele ya watu, "Mamma, kwa nini hukumwimbia Bibi?" Nilimfunga skafu tu. Mpaka leo sijamjibu.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Kwenye nyumba yako amehamia mwanafunzi mmoja, baiskeli yake imesimama pale pale kilipokuwa kiti chako. Mpwa wako alinipa viatu vyako vya jukwaani, vile vya vifungo pembeni, vimekaa juu ya kabati langu na Neema haruhusiwi kuvigusa, kwa hiyo anavigusa kila siku. Nimeanza kozi ya uuguzi msaidizi! Mimi wa darasa la saba. Mwalimu anasema naandika Kiswidi kama ninavyoongea, sijui ananisifu au vipi. Elia, baba yake Neema, bado yuko kiwanda cha malori Södertälje, leo kaomba zamu ya asubuhi awahi kufika. Kasema atasimama nyuma mlangoni, nisimwangalie maana atacheka.

Nakumbuka zaidi zile Alhamisi. Neema alipokuwa na mafua dagis hawamtaki, nami kazi siwezi kuacha, nikamleta kwako kinyume cha sheria. Ukamficha nyuma ya pazia la jikoni ukamwambia, wewe sasa ni mchezaji unasubiri zamu yako. Alikaa humo kimya nusu saa, mtoto yule asiyekaa! Ulipomfungulia ukamfundisha kuinama. Wale wa juu kwanza, ulisema, wale wa roshani ya mwisho. Wamelipa kidogo, wamepanda ngazi nyingi kuliko wote, na wamekuja kwa sababu wanapenda. Wa mbele wamekuja kuonyesha kofia.

Na ile hadithi, Bibi. Sijui umenisimulia mara ngapi, na kila mara nikijifanya siijui. Miaka miwili ulikuwa kwenye safu ya nyuma, msichana wa tatu kutoka kushoto, unarusha miguu na wenzako ishirini. Siku hiyo mwimbaji mkubwa akapoteza sauti, wakakuvalisha gauni lake, limeshikiliwa na pini mgongoni. Wimbo wa mapenzi. Ubeti wa kwanza ukautoa vizuri kabisa. Wa pili ukapotea. Bendi ikarudia, ikarudia tena, yule muongozaji anakutolea macho kutoka kule shimoni chini ya jukwaa, wanakokaa wapigaji. Ukafungua mdomo, kikatoka kile ulichokijua tangu mtoto: sauti ya mama yako ya kuita ng'ombe kutoka milimani. Ng'ombe! Mbele ya mabwana wa New York na saa zao za dhahabu. Ukumbi ukalipuka, vicheko na makofi, kule juu wakapiga miguu sakafuni. Ukadhani umekwisha. Kesho yake mwenye ukumbi akasema hiyo ibaki, uiite kila usiku.

Ndio wakakufanya mtumishi Mswidi katika kila mchezo, mwenye ndoo na lafudhi ya kuchekesha. "Miaka kumi na moja niliwaita ng'ombe Broadway," ulikuwa unasema, "hakuja hata mmoja." Tunacheka mpaka chai inamwagika. Lakini siku moja nakuosha nywele, povu kichwani, ukaacha kucheka ukasema ulitamani mara moja tu wakuache umalize ule wa mapenzi. Na pale pale, macho umefumba, ukauimba. Ubeti wa pili wote, haukukosa neno. Sauti ilikuwa imepasuka kama kikombe cha zamani na mimi sikuelewa Kiingereza chake, nikasimama na jagi la maji mpaka maji yakapoa. Kisha ukasema, sasa zamu yako. Nami sikuwa na wimbo mwingine ila wa mama yangu wa kupepeta.

*Jogoo wa jirani, nirudishie punje yangu,
mwanangu hajala, wewe umeshiba.*

Ukautaka kila siku. Ukawa unatembea kijogoo jikoni na kitembezi chako, kile cha kuegemea, Neema nyuma yako. Ulikuwa hutaki tafsiri. Ulisema unajua kabisa jogoo ni nani, ulishafanya naye kazi.

Leo ni jioni ya wazazi, wameomba nyimbo za nyumbani. Mimi sikujiandikisha. Neema ndiye aliyemwambia mwalimu: mama yangu ana wimbo wa jogoo. Kasema kwa Kiswidi yote ila hilo neno, jogoo. Hilo kalisema kwa Kiswahili. Sasa nitamwangaliaje nikikimbia mara ya pili? Akello wa Norsborg, yule rafiki yangu wa Uganda, amekuja na watoto wake wote na sambusa. Nimemwambia naogopa. "Wee dada, ukisahau maneno waite tu ng'ombe. Kwetu watakuja mbio!" Ungempenda Bibi.

Huko ndani wamekaa kama arobaini. Kuna bibi mmoja wa Kifini anapiga kodiani, akimaliza ni mimi. Miguu nimeijaribu hapa, nimesimama nikakaa, nikasimama tena. Inakubali.

Lala salama Bibi yangu. Nisamehe ile siku ya kanisani. Nakuahidi naimba beti zote, siruki hata moja, nakuimbia wewe na hao wengine wasikilize kwa bahati yao. Na Neema jibu lake nampa leo, kwa kuimba. Hakuna roshani hapa, ni dari tu yenye madoa ya maji na nyota za karatasi walizobandika watoto, lakini mimi najua umepanda ngazi zote. Kodiani imenyamaza. Wanapiga makofi. Mwalimu kafungua mlango, anaita, "Neemas mamma!" na Neema ananivuta mkono. Nakuja, nakuja. Bibi, nikimaliza nitashika gauni kwa vidole viwili, nitainama, na nitaanza na wale wa