Mvusha Magendo wa Kitabuni

Jumatano, Busia

Ile riwaya ya mapenzi nayo nimeiacha katikati. Wapenzi wanalia kila ukurasa, hakuna anayepika. Ya mizimu ilinipa usingizi mzuri.

Hii ya magendo ndiyo imeniudhi. Jamaa anavuka mpaka gizani, bastola kiunoni, jasho linamtiririka. Nikamsomea mume wangu, ambaye kila asubuhi anavusha sukari kwa baiskeli, njia ya panya, huku akisalimiana na askari kwa majina. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mama Awor, huyo ni wa wapi? Sasa bastola ya nini?"

Akauliza mwishowe inakuwaje. Nikamwambia jamaa anafika kwake salama, nikafunga kitabu.

Kitabuni jamaa anapigwa risasi. Anayempiga ni askari aliyezoea kumsalimia.