Gari Lisilonguruma

Same,
9 Februari 2025

Ndugu yangu Ledama,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko porini, na kwamba tembo unaowalinda bado wanakuheshimu. Sisi hatujambo. Ummy alisumbuliwa na kifua wiki mbili, sasa anaendelea vizuri na anakusalimu. Mvua bado. Jana nilipita Makanya, hata mbuzi wanatazama juu.

Najua simu hazishiki kambini kwenu na gari la chakula linawafikia mara mbili tu kwa mwezi, kwa hiyo nakuandikia yote kwa mkupuo. Kaa kwanza. Nimeuza lile Kruza langu la dizeli.

Ndiyo, lile lile. Miaka kumi na minne nimelifungua na kulifunga mpaka kila nati naijua. Unanijua nilivyo na magari, tangu darasa la tatu Kisiwani, nilipokuwa nachora malori nyuma ya daftari lako la hesabu mpaka mwalimu akakuchapa wewe. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisema kijiweni kwamba gari lisilonguruma ni toroli. Basi sasa nina toroli. Nimenunua gari la umeme.

Mwaka jana nilifuata vipuri Arusha, nikakuta gari la watalii lililong'olewa injini likawekwa mota na betri. Fundi wake akanipa usukani. Nilipokanyaga likaondoka kama swala aliyeshtuka, bila kelele, bila moshi, na mimi mtu mzima nikacheka peke yangu. Tangu siku ile dizeli ikaanza kuninukia vibaya.

Langu ni dogo, limetumika Japani, lilikuja limelala chini kama mjusi. Nimelinyanyua. Nimebadilisha springi, nimevisha tairi zenye meno, viti nimevipiga ngozi ya kahawia, rangi ni kijani cha jani la mgomba. Anderson mchomeleaji amenitengenezea keria na ngao ya chuma mbele. Paneli za jua ziko juu ya paa la gereji. Jua la Same halina msimu. Wiki iliyopita nimelipandisha Ugweno. Kupanda lilikula nusu ya chaji, lakini wakati wa kushuka, nilipoachia mguu, betri ikaanza kujijaza yenyewe. Nilifika chini nina chaji nyingi kuliko niliyokuwa nayo juu. Mafundi wenzangu wamenyamaza, ila Salimu wa rangi anaapa kwamba nitalala njiani.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Waliolitengeneza waliweka kispika nyuma ya bampa la mbele. Ukienda polepole kinalia mlio mwembamba, kama mbu ndani ya chandarua, ati watu wajue gari linakuja. Nilikivumilia siku tatu. Ngao ya Anderson ilipokosa nafasi, nikakikata nyaya nikakitupia kwenye boksi la nati. Sasa ni kimya kabisa. Likipita, kuku hageuki.

Yeyo, mama yetu, nilimwona mwezi wa kumi na mbili. Hajambo, ila macho yanazidi kufifia. Alinishika uso kwa mikono miwili ndipo akasema nimenenepa. Mama yako ananikumbuka kuliko shangazi yangu aliyenileta Kisiwani nilipofiwa na mama. Pengine ni kwa sababu maziwa yake ndiyo yaliyonikuza.

Nduguyo,
Yahaya


Kambini, Rufiji,
2 Machi 2025

Ndugu yangu Yahaya,

Salaam kwako na kwa shemeji Ummy. Pole kwa kifua chake. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mbung'o wananila kama mshahara. Najua mmeanza kufunga. Mungu awatie nguvu kwenye joto hilo.

Barua yako nimewasomea walinzi wenzangu wakati wa chai. Hakuna aliyeamini kuhusu betri kujijaza mteremkoni. Mmoja wao akasema rafiki yako ni mwongo mwenye mwandiko mzuri. Nikamjibu kwamba mwandiko nilimfundisha mimi.

Sasa nina ombi. Kaka Saruni aliniambia nilipokuwa likizo kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali mwezi huu. Lakini kaka yangu yuko na ng'ombe mbali, na pikipiki yeyo haipandi. Anasema hapandi kitu kinachomfanya amkumbatie mwanamume asiye wake. Mpeleke wewe. Nimeshamtumia ujumbe kupitia Nashipae, mke wa Saruni, kwamba Yahaya atakuja Jumatano ya tarehe kumi na tisa, akungoje.

Ila usimwambie habari ya gari jipya, umshtukize. Kruza lako alikuwa analisikia tangu kalavati la pili, anaweka chai jikoni kabla hujakata kona. Nataka aone, au aguse basi, hiyo ngozi ya kahawia.

Nduguyo,
Ledama


Kambini, Rufiji,
6 Aprili 2025

Yahaya, ndugu yangu,

Salaam. Natumaini ninyi mko salama. Mimi si mzima.

Juzi gari la chakula limeniletea karatasi kutoka ofisini. Nakunakilia kama ilivyo: "Kaka yako Saruni alipiga simu. Mama yenu Naisula amefariki tarehe 19 Machi. Ajali ya gari. Ameshazikwa. Pole." Basi. Karatasi ilikaa ofisini zaidi ya wiki mbili. Siku anazikwa mimi nilikuwa nashona soli ya kiatu.

Nimeomba ruhusa. Wanasema mpaka apatikane wa kushika nafasi yangu, huenda mwisho wa Juni.

Tarehe 19 ndiyo siku uliyokuwa umchukue. Nimewaza mengi. Labda ulichelewa, akatoka kukungojea barabarani. Kama ni hivyo usijilaumu, mimi ndiye niliyepanga siku. Lakini mbona hukuniandikia? Gari la chakula limekuja mara mbili, na la pili lilikuwa na hiyo karatasi tu.

Wewe unayajua magari yote ya njia ya Kisiwani, mengine kwa mlio tu. Niulizie ni la nani. Na kabla ya jina la dereva, nataka kujua jambo moja. Je, alisimama au alikimbia?

Nduguyo,
Ledama


Same,
21 Aprili 2025

Ndugu yangu Ledama,

Salaam. Nimeanza barua hii mara tano, na kila mara nilipofika kwenye kukuuliza hali nikaichana. Safari hii sikuulizi.

Dereva alisimama. Dereva ni mimi.

Nitakueleza yote, nawe usome mpaka mwisho hata kama mkono utataka kuitupa.

Nilifika bomani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefunga, lakini siwezi kuisingizia saumu. Nashipae hakunisikia nikiingia. Alinikuta nimesimama mlangoni, akaruka. Akasema yeyo amekwenda na mbuzi wachache upande wa bwawa, kwa kuwa amechoka kukaa ametega sikio. Nikaona nimfuate. Nilitaka nimfungulie mlango kule kule njiani, kama bibi mkubwa.

Nilimwona kwa mbali kwenye ile njia nyembamba ya ng'ombe, ana fimbo yake na shuka jekundu, amenipa mgongo. Nilikwenda polepole mno, mtu anayetembea kwa haraka angenipita. Upande wa kulia palikuwa na nafasi, nikaona nimpite taratibu, nisimame mbele yake nimwite. Nilikuwa natabasamu, Ledama. Nakuandikia hili kwa sababu nimekusudia kutokuficha kitu.

Nilipokuwa ubavuni mwake, mwanambuzi mmoja akakimbilia upande wangu. Yeyo akageuka kumfuata, hatua moja tu, bila kutazama. Mtu anayesikia gari nyuma yake hageuki hivyo. Ngao ya Anderson ikampiga nyonga. Nikakanyaga breki, gari likasimama pale pale, lakini alikuwa ameshaanguka, na kichwa kilikuta jiwe.

Nilimbeba mwenyewe. Nashipae alikuja mbio, akakaa naye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani. Yeyo alikuwa na fahamu. Akauliza amebebwa na nani. Nikamwambia, "Ni mimi, yeyo. Ni Yahaya."

Akasema, "Yahaya, mbona sikukusikia?"

Nilikuwa na jibu na sikumpa. Nilimwambia atulie, tunakaribia. Hakusema tena. Alifariki kabla hatujafika lami.

Polisi walipima njia, wakasema sikuwa na mwendo, mama alikuwa haoni vizuri, ni ajali. Saruni alikuja kutoka machungani. Hakunigusa. Alisema habari za mifugo na fidia zitangoje mdogo wake arudi. Kwenye mazishi nilisimama nje ya boma, watu wakanipa pole mimi. Pole, Yahaya, mipango ya Mungu. Walinipa pole na mimi nikaipokea.

Hakuna anayejua habari ya kispika. Anderson pengine ameshasahau. Wewe nilikuandikia mwenyewe kwa mkono wangu, tena kwa kujisifu. Mama asiyeona alikuwa anaishi kwa masikio, na mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kile kitu kiliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Nilikitoa kwa sababu kilikuwa kinaniharibia raha.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Sina sababu nyingine. Sema lolote, ndugu yangu. Nitalistahili.

Nduguyo,
Yahaya


Same,
15 Juni 2025

Ledama,

Salaam. Sijui kama barua yangu ya Aprili ilikufika. Nimehesabu magari manne ya chakula tangu hapo, kisha nikaacha kuhesabu. Kama ilikufika na umeamua kukaa kimya, hii nayo iweke kando.

Nilikwenda polisi mwezi uliopita. Nilimweleza askari yote kuhusu kispika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekuwa nikilala vizuri. Akasema faili limefungwa, niende nikasali. Nikaenda kwa shehe, naye akasema nia yangu haikuwa kuua. Nikamwambia Ummy. Ummy alilia, kisha akaniambia nisimwambie mtu mwingine tena, watoto wanasoma na wenzao hapa. Kila mlango ninaobisha wananipa kiti na maji ya kunywa.

Gari liko nyuma ya gereji. Ngao nimeikata, keria nimeing'oa, viti nimevitoa na kuvichoma moto, na moshi wa ile ngozi ulikaa kwenye nguo zangu siku nyingi. Kispika nilikirudisha mahali pake. Nilikwenda nalo mita hamsini, kile kimlio chembamba kikaanza, nikazima na kushuka. Sijaliwasha tena. Ummy anataka liuzwe. Siwezi kumwuzia mtu, na siwezi kulitazama.

Wateja wanakuja, nafungua boneti, nasahau nilichokuwa natafuta. Salimu ananisaidia kumalizia kazi. Hanitanii siku hizi.

Nasikia mwisho wa mwezi mnapewa ruhusa. Ukija nitakuwa hapa kila siku, kutwa. Ukitaka nije mimi Kisiwani, mtume yeyote, nitakuja kwa miguu.

Yahaya


Kambini, Rufiji,
14 Septemba 2025

Yahaya,

Salamu. Mimi naendelea na kazi.

Barua zako zote mbili zilinifika. Ya kwanza niliisoma mara moja. Ya pili niliikuta ofisini siku naondoka, nikaisomea ndani ya basi.

Nilikuwa nyumbani Julai yote na nusu ya Agosti. Nimeiona njia. Nimeliona jiwe, Nashipae alilisogeza nje ya njia na hakuna mtoto anayelikalia. Nilipofika, Saruni alipokea mifugo uliyotuma na kwake jambo limekwisha. Anasema wewe ni mtu mwema uliyepatwa na bahati mbaya. Alinisihi nije nikuone, eti umekonda, eti wewe pia umefiwa. Nilimsikiliza kaka yangu akikutetea mbele ya moto wa mama yetu, na mimi nimekaa na barua yako mfukoni.

Sikumsomea. Usidhani nimekuonea huruma. Ningemsomea, ningelazimika kumshika asije Same, na sina nguvu hiyo.

Kwa hiyo nakuambia ulichonifanyia, kwa kuwa uliomba niseme lolote. Ulikuwa na mzigo, ukauzungusha kwa askari, kwa shehe, kwa mkeo, na wote wakakurudishia. Kwangu umebaki. Mimi peke yangu kwenye boma lile ninajua kwamba mama hakufa kwa mipango ya Mungu. Ninakula nao, ninaomba nao, nikisikia wanamshukuru Mungu kwamba hakuteseka, nami naitikia amina.

Na kuna langu. Nilikuandikia mwenyewe usimwambie, umshtukize. Barua yako ya Februari ilikuwa mkononi mwangu, ile habari ya kispika niliisoma, na nilicheka. Niliisoma kwa sauti mbele ya watu na sote tukacheka. Sikumfikiria mama yangu hata kidogo. Kwa hiyo sina mahali pa kusimama nikakuhukumu, na siwezi kukusamehe, maana sijui nianze na yupi kati yetu.

Siku ya kurudi kazini basi lilisimama Same, abiria wakashuka kununua vitafunwa. Gereji yako inaonekana kutoka dirishani. Ulikuwa umekaa nje kwenye tairi, mikono mitupu, na kila gari lililoingia stendi ulinyanyua kichwa ukatazama wanaoshuka. Ulitazama na basi letu. Nadhani kioo kilikuzuia kuniona. Kondakta aliniuliza kama nashuka, nikamwambia hapana.

Usiandike tena. Msalimie Ummy.

Mwana wa Naisula