Keria ya Kubebea Keki

Jumatatu, 9 Juni

Chai, mkate, kisha uani kwenye baiskeli, kama jana. Shule zimefungwa. Sina madaftari ya kusahihisha na wanafunzi wangu wa darasa la sita wako makwao. Stella, mke wangu, ameshawasha oveni na hataki mtu jikoni.

Baiskeli ni yake. Ya umeme. Aliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama ili apeleke keki zake mwenyewe, maana bodaboda wamemharibia nyingi. Mtu anaegemeza boksi kwenye tangi la mafuta na akifika kwenye tuta anaruka. Tatizo ni kwamba baiskeli yenyewe haina keria. Nyuma kuna madigadi ya plastiki tu.

Nimeizunguka asubuhi nzima. Mota imo ndani ya gurudumu la nyuma. Betri imelazwa kwenye bomba la fremu. Karibu na ekseli nimekuta matundu mawili ya bolti, yamezibwa na rangi. Kwa hiyo aliyeiunda alijua iko siku mtu atataka kubeba kitu. Nimefurahi kupita kiasi. Nikamwita Stella aje ayaone. Akaja na mwiko mkononi, akayaangalia, akarudi jikoni.

Jumatano, 11 Juni

Buguruni, kwa fundi Shabani anayechomelea mageti. Alitaka kuichomelea keria kwenye fremu moja kwa moja. Nikamwonyesha kwamba fremu ni ya alumini na betri iko jirani. Akaigonga kwa kucha, akakubali. Atatengeneza keria ya chuma yenye miguu miwili ya kuingia kwenye yale matundu, na mkono wa kushika bomba la tandiko.

Nilikaa pale nikimtazama mpaka akaniuliza kama sina kazi. Nikamwambia niko likizo.

Alhamisi, 12 Juni

Keria imekaa. Haichezi hata ukiivuta.

Nikafunga beseni la maji juu yake, nikaenda mpaka Barabara ya Kilwa na kurudi. Nilirudi na beseni tupu na mgongo uliolowa. Majirani wamecheka hadi basi. Mimi nimeona kitu. Keria ni ngumu, basi kila shimo linapanda kutoka kwenye tairi hadi kwenye beseni bila kupungua. Mie nakaa kwenye tandiko lenye springi. Keki haina springi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekata vipande vya godoro la zamani, nikaviweka chini ya ubao juu ya keria. Safari hii nilibeba sufuria ya uji mzito. Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Godoro linapanda na kushuka, na shimo likishapita bado linapanda na kushuka. Kama mtu anayeendelea kusimulia ugomvi uliokwisha.

Uji umefika hadi kwenye cheni. Nimeisafisha mchana kutwa.

Stella akauliza kama keria iko tayari. Nikaanza kumweleza habari ya godoro. Akanisikiliza kidogo.

"Baba Neema," akasema, "mie sitaki kujua kwa nini inatikisika. Nataka isitikisike."

Nimeumia. Ana haki. Keki ndiyo kazi yake, na kila oda anayoikataa kwa kukosa usafiri inakwenda kwa mwingine. Lakini siwezi kuzuia kitu nisichokielewa.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimewaza mipira. Mahubiri sikuyasikia.

Wazo ni hili: ubao usikalie chochote. Uning'inie. Juu ya keria kuwe na fremu ya chuma kama meza isiyo na uso, na ubao ushikwe kwenye kona zake kwa vipande vya tyubu ya gari, vingine vikivuta juu, vingine vikivuta chini. Mpira unanyooka, lakini haurudi kwa pupa kama godoro. Nadhani. Kesho nirudi kwa Shabani.

Jumanne, 17 Juni

Inafanya kazi.

Beseni limerudi na maji. Nimepita kwenye matuta yote ya mtaa wetu, nikapita tena kwa kupenda tu. Ubao unayumba taratibu, unatulia.

Stella akataka kujaribu mwenyewe. Alikuwa na keki iliyompasukia juu, akaipaka krimu, akaipamba kwa ua moja katikati, akaondoka nayo. Nilisimama getini kama mzazi siku ya mtihani. Akarudi, akafungua boksi, ua limesimama. Akacheka. Akanikatia kipande kikubwa, tukala uani tumesimama.

Halafu akaniambia jambo alilokuwa analiweka moyoni. Kuna mama wa Pugu anamwoza binti yake Jumamosi. Aliwahi kula keki ya Stella kwenye sherehe ya kipaimara, anamtaka yeye tu. Keki ya ngazi tatu. Stella alikuwa hajamjibu kwa sababu ya umbali. Sasa amempigia, amekubali. Hajawahi kupeleka keki ya harusi mbali hivyo. Anataka jina lake lijulikane upande ule.

Alhamisi, 19 Juni

Siwezi kuuacha ule ubao. Kila nikipita naubonyeza. Kona moja inashuka kuliko nyingine. Kwa nini? Mipira yote nimeikata kwenye tyubu moja.

Stella ameniona.

"Imeshakuwa nzuri. Usiiguse tena."

Nimeitikia.

Ijumaa, 20 Juni

Nyumba nzima inanukia vanila. Stella ametengeneza maua ya sukari meupe, madogo kama ya mlimau. Ameyapanga kwenye sinia na kuyafunika. Haongei. Akiwa na kazi kubwa huwa hivyo.

Alipokwenda dukani kununua utepe nikapima. Niliweka matofali kwenye ubao, uzito kama wa keki zote tatu kwenye boksi moja. Ubao ukashuka hadi karibu kugusa chuma. Nikaona: kesho kwenye tuta kubwa utagonga.

Nimebadilisha mipira. Nimeweka mipya, minene, nikaivuta zaidi. Nimeweka na ndoano mpya, maana ile minene haikuingia kwenye za zamani. Nikabonyeza kwa mkono. Safi kabisa. Hata ile kona imenyooka.

Sijaijaribu barabarani. Sijamwambia. Nitamwambia asubuhi.

Jumamosi, 21 Juni

Sikumwambia.

Aliondoka mapema, kabla jua halijaanza kulainisha krimu. Nilimsaidia kufunga boksi. Nafasi ilikuwepo, na mdomo nilikuwa nao. Nilimtakia safari njema.

Alinipigia kutoka Gongo la Mboto. Alisema njoo, akakata simu.

Nilichukua bodaboda. Nilimkuta kwenye benchi nje ya duka la fundi cherehani ambalo bado halijafunguliwa. Boksi liko miguuni. Baiskeli imeegemezwa ukutani, ubao umeinama upande mmoja kama bega lililoteguka. Ndoano moja ilikuwa imefunguka na kunyooka karibu kama msumari. Nilivuta mpira kupita kiasi, na ndoano ilikuwa laini. Niliishika, nikaigeuzageuza, nikataka kujua ilianza kufungukia wapi. Mke wangu amekaa pale na keki ya watu, nami nachunguza ndoano. Nimejichukia.

"Umebadilisha mipira?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana. Ulipokwenda kununua utepe."

Akafungua boksi. Nilitaka anigombeze.

Keki mbili za juu zilikuwa salama. Ile kubwa ya chini ilikuwa imebonyea ubavuni, krimu imebaki kwenye boksi. Stella alinawa mikono kwa maji ya chupa. Alikuwa amebeba kopo la krimu ya akiba na kisu chake kipana. Alijaza, akalainisha, akafuta, akalainisha tena. Watu wakaanza kusimama. Mama mmoja muuza vitumbua akaja akasimama mahali jua lilipokuwa likiingilia, akaliziba kwa kanga yake, bila kuombwa. Alikaa hivyo mpaka mwisho. Bonde likajaa, lakini lilionekana. Stella akang'oa maua ya pande zote, moja moja, akayahamishia pale. Yote.

Boksi likarudi juu ya ubao. Nikaufunga ule upande kwa kamba, lakini kamba hainyooki kama mpira. Nikamwambia nitaushika. Stella akashika usukani, akaiwasha mota kidogo tu ivute, tukatembea. Mimi nyuma, kiganja chini ya ubao. Tulikwenda hivyo hadi Pugu, na mwisho ni kilima. Kila jiwe nililisikia kwenye kiwiko. Nilijifunza kulegeza mkono kabla ya shimo na kukaza baada yake.

Mama wa bibi harusi alitupokea mlangoni. Tukamwamkia. Stella akazipanga keki mezani mwenyewe. Yule mama akaitazama ile ya chini kwa muda mrefu, akauliza kwa nini maua yamekaa upande mmoja.

Ningedanganya. Stella hakudanganya.

"Iliumia njiani, mama. Nimeitibu. Haikugusa chini."

Yule mama akazunguka meza. Kisha akashika sinia ya keki na kuigeuza taratibu mpaka maua yakaelekea ukumbini.

"Huku ndiko mbele," akasema, akaenda kuangalia pilau.

Jumapili, 22 Juni

Chai iko mezani. Chakula kipo. Maneno hakuna. Kanisani tumekaa benchi moja; binti yetu Neema angekuwepo angekaa katikati. Yuko chuoni. Bora hajaona.

Mkono wa kulia unauma. Sijamwambia yeyote.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwomba radhi. Nilisema kwa ufupi, kwa sababu maelezo ndiyo ugonjwa wangu. Akasema amesikia.

Jumatano, 25 Juni

Leo Stella amekuja uani, amevuta kigoda, akaniambia niifungue yote. Mipira, ndoano, ubao, fremu, mpaka bolti za keria. Nikaifungua. Akaniambia nimweleze kila kimoja kinafanya nini. Nilimtazama nione kama ananikejeli. Hapana.

Nikaeleza. Alishika kila kitu. Mipira ya zamani na ile minene aliivuta mmoja mmoja, akasema minene ni kama unga uliokandwa sana, hauna tena pa kwenda. Sikuwahi kufikiria hivyo. Ni kweli.

Halafu akauliza: mpira mmoja ukikatika njiani, mzigo unakwenda wapi?

Wiki mbili nimeuchunguza ule ubao na swali hilo sikujiuliza. Nilikuwa nafikiria kutikisika tu. Tukaweka mkanda mpana chini ya ubao, mlegevu, usioshika chochote mpaka kitu kikatike. Badala ya ndoano tukaweka pete za chuma zinazofungwa kwa bolti. Alizikaza mwenyewe. Nilimpa spana, nikarudisha mikono mfukoni. Nilipata taabu.

Tulipomaliza akakata mpira mmoja kwa kisu, makusudi, matofali yakiwa juu. Ubao ukainama, ukalalia mkanda. Haukuanguka. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniambia nilete mpira mwingine.

Kisha akasema kuanzia leo hakuna mtu atakayekaza wala kulegeza chochote kwenye hiyo baiskeli bila yeye kujua. Nimekubali. Safari hii nimekubali kwa sauti.

Jumamosi, 28 Juni

Oda imetoka Pugu. Mgeni mmoja wa ile harusi, keki ya ubatizo. Stella amekwenda peke yake asubuhi. Hakuniomba nimsindikize, nami sikujipendekeza. Nimefua. Nimepanga vitabu vya muhula ujao. Simu haikulia.

Mchana ukapita. Nikaanza kuhesabu chaji ya betri kichwani, nikaacha.

Alirudi alasiri, boksi tupu limekunjwa kwenye keria. Keki ilifika. Nikamuuliza mbona amekawia. Akasema alipoikabidhi alikuta betri bado ina nguvu nyingi, akaona asigeuze. Akafuata barabara mpaka msitu unapoanzia. Alitaka tu kujua inaishia wapi. Haikuishia. Alikaa pembeni, akala maandazi yake, akasikiliza ndege asiowajua majina. Anasema hewa ya kule ni baridi, inanukia majani yaliyolowa, ingawa mvua haijanyesha.

Sikuuliza habari za mipira.

Amechomeka chaja, ameingia ndani kuoga. Kwenye tairi zote mbili kuna udongo mwekundu, umekauka. Nimeuacha ulivyo.