Jibini na Chai Kule Kitale

Matulo, Jumapili

Binti yangu Fridah,

Huku nyumbani tuko salama. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yameanza kubeba.

Juzi nilisafiri mpaka Kitale, kwenye shamba moja la ng'ombe ambako wageni huonjeshwa jibini. Msichana wa pale alitueleza kila jibini inapendana na kinywaji gani: laini na mvinyo mweupe, ngumu na mwekundu. Mimi mtu wa kanisa nikaomba chai. Ile laini niliipenda. Ile ngumu ilinishinda, nikaificha kwenye leso.

Sikwenda peke yangu. Nilikuwa na Jerono, mwalimu mjane wa huko Kitale. Aliniona nikificha, akacheka mpaka akaweka glasi chini. Tangu mama yako atuache, sijapata mtu wa kunicheka hivyo.

Tukitoka akaniuliza, "Baba Fridah, nikija kuishi Matulo, Fridah atanikubali katika nyumba ya mama yake?"

Nikamwambia, "Huyo lazima nimuulize kwanza."

Sasa nimekuuliza. Jibu lolote nitalipokea, mama, ila usininyamazie.

Ni mimi baba yako,
Wepukhulu