Nukta Iliyosimama Kaili

Mwanangu Shaohua,

Sisi hatujambo, na nguruwe amenenepa. Juzi walirusha setilaiti nyingine ya kuonyesha watu njia. Kama kawaida tulitolewa majumbani tukasimama shambani, maana vipande vya roketi huangukia huku kwetu. Baba yako alibeba nyama yake yote ya kukausha kwa moshi. "Nyumba ikipondwa nitajenga," akasema, "nyama hii nitaipata wapi?" Tulicheka mpaka kipande kikatua kwenye mahindi yetu.

Tulipokuwa tunangoja turuhusiwe kurudi, dada yako Meiju alifungua ramani kwenye simu uliyomwachia. Kumbe bado imeunganishwa na yako na inaonyesha ulipo. Unatuambia uko kiwandani Guangzhou, lakini nukta yako iko Kaili, saa moja tu kwa basi kutoka hapa nyumbani, na haijahama tangu mavuno.

Baba yako sijamwambia. Kama kiwanda kimefungwa, si wewe uliyekifunga.

Meiju atakuletea barua hii mkononi. Mwezi ujao watarusha tena. Bibi yako hawezi tena kutembea, mimi mgongo unaniuma, na baba yako mikono imejaa nyama. Njoo umbebe Bibi.

Mama yako