Kuku wa Mama Rehema

Jumatatu usiku

Hana hata banda la kuku.

Tangu harusi ya mwanangu juzi, pilau tuliyomwaga inaninyima usingizi. Jana nilishinda kwenye simu natafuta shirika la kusaidia wenye njaa, nikachagua linalopikia wanafunzi uji huko kijijini Munisagara. Moyo ukatulia.

Leo nimepita kwa Mama Rehema, aliyetuoshea vyombo harusini akaomba makombo ya kulishia kuku wake. Wajukuu zake wakaniamkia shikamoo, midomo imejaa ukoko wetu, umeshaanza kuchacha.

"Karibu, dada," akasema, akifunika sufuria haraka.

Nikajifanya sikuona. Njiani nikalia.

Uji nitauchangia. Ila kesho nampelekea mchele, ule mzuri. Nitamwambia ni chenga, awape kuku wake.